Kokwa Kumi na Saba

Kabla ya fedha tulikuwa na dele mbili,
moja ya ndiyo, moja ya hapana,
na kila mwanamke kokwa yake ya tende,
bado inanata kidoleni.
Hivyo tulimchagua Bi Ghaniya mwenyekiti,
Jumatano, saa tano, soko la wanawake la Ibra,
baina ya majora ya vitambaa na mafungu ya karafuu.
Alishinda kwa kokwa nne, akanuna:
alitarajia zote.

Ada baisa mia mbili. Aliyekosa alileta mayai.
Mimi mweka hazina, maana nilizaliwa Ng'ambo,
hesabu nikazisoma kwa Kiswahili,
na Kiswahili, walisema wakicheka,
waume zao hawatakisoma daftarini.

Tulitaka taa sita kwenye njia ya bondeni
na mtu wa kujibu barua zetu.

Ndipo akaja Bi Annelies,
viatu vyeupe kwa vumbi, tabasamu lisilo na hila
(nasema haki, sikumwona mwongo).
Akauliza tunapigaje kura. Tukamwonyesha dele.
Akazipiga picha, mara tisa.
Baada ya miezi mitatu ufadhili ukafika,
na sanduku la plastiki, angavu, lenye kufuli.
Mkono mtupu haulambwi.
Huu ulikuja umejaa; tuliulamba hadi kiwiko.

Semina hotelini, Maskati. Posho katika bahasha.
Tukajifunza kusema "viashiria".
Tukaambiwa sisi ni walengwa,
neno ambalo masikioni mwangu
ni ndege juu ya waya na mtoto mwenye manati.
Nikaandika: wanawake ishirini na wanane wamewezeshwa.
Ada ikafa. Nani alete mayai
mahali panapogawiwa bahasha?
Na taa?
Taa, tulijibiwa, ni miundombinu.
Wao walifadhili sauti.

Kisha barua ya wizara, mistari mitatu na mhuri:
fedha ya nje, bila idhini.
Shemeji yangu Nabhan akaacha kunisalimia.
Mtoto wa jirani akaniita jasusi, akakimbia,
nami sikuwa na siri hata moja ya kuuza
isipokuwa ile nitakayoisema.
Bi Annelies akaandika kwamba vipaumbele vimehamia nchi nyingine.
Akatutakia uendelevu.

Sisemi mgeni alituharibu.
Kabla yake nani kati yetu alidai risiti?
Ni semina ile iliyomfunza Rayya, muuza ubani, maswali matatu:
fedha imetoka wapi, imekwenda wapi, nani alitia saini.
Aliyafanyia mazoezi mbele ya waziri wa kuigiza,
mwezeshaji aliyeazima tai.
Jumatano ile akaniuliza mimi.

Nauli za watu ishirini na wanane.
Waliosafiri kumi na tisa.
Tofauti naijua ilipo:
imetundikwa ukutani chumbani kwangu,
inapuliza baridi usiku kucha.

Ufunguo wa sanduku hatukuuona.
Tukarudia dele.
Nilihesabu mwenyewe, ndiyo kazi ya mweka hazina:
kumi na moja nibaki,
kumi na saba niondoke.
Nikahesabu tena. Kumi na saba.
Moja ilikuwa yangu, wala sisemi ilikuwa katika dele gani.
Nikatia saini.
Kama kiashiria ni kiashiria, basi kile kilikuwa chenyewe,
na hapakuwa na mtu wa kukipiga picha.

Rayya akalipokea daftari, akalifungua juu chini.
Hakuniita mwizi.
Alitaka kurasa zote, tangu mayai,
ziandikwe upya kwa Kiarabu
na zibandikwe mlangoni mwa soko,
waume wasome, wizara isome, yeyote.

Naandika. Nimefika ukurasa wa tisa.
Kiyoyozi nimekizima, mkono unanitoka jasho, wino unachafuka.
Huko bondeni bado giza.